Deputi na Tumbo Langu

Deputi hakuvumilia mwanafunzi aseme "mrango". Ukisema mrango alikusimamisha, akaenda kuufungua mlango wa darasa, akaufunga, akaufungua tena, kisha akakwambia utaje kile kitu mpaka kitajike. Wengi wetu tulitoka vijiji vya Bungoma na ndimi zetu hazikujali sana kama ni l au r. Yeye mwenyewe alitoka huku huku. Akiwa ametulia, Kiswahili chake kilikuwa safi kama cha msomaji wa taarifa redioni. Akikasirika kabisa, ulimi ulirudi kwao. "Rete hiyo barua hapa!" aliwahi kumfokea msichana mmoja, na darasa zima tukainamia madaftari, tukijiuma midomo tusicheke.

Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji wa Bungoma, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili. Alifundisha Kiswahili na dini. Jina alikuwa nalo, lakini hata wapishi walisema tu "Deputi amekataa" au "Deputi anakuja", na mimi sioni sababu ya kulitaja hapa.

Barua ile ya "rete" ilikuwa ya mapenzi, kutoka kwa mvulana wa shule jirani. Barua za namna hiyo alizinyang'anya zote. Siku ya kufunga shule alimrudishia kila mtu yake, ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu. "Kama ni lazima uandikiwe upuuzi," alisema, "basi angalau uandikiwe kwa sarufi." Hakucheka alipolisema hilo. Tulibishana miaka mingi kama ulikuwa mzaha.

Alikula nasi. Walimu wengine walikuwa na chai yao na mkate wao ofisini, lakini yeye alikaa mezani kwetu na sahani ya githeri kama yetu, mahindi na maharagwe, akiwatoa wadudu kwa ncha ya kijiko. Siku moja wadudu walizidi. Aliinuka na sahani yake, akaingia jikoni, na kuanzia wiki iliyofuata maharagwe yakawa mengine. Hatukuambiwa kilichosemwa huko ndani.

Na alikuwa na nguvu. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza alishikwa na malaria mpaka akawa anaropoka, na gari la shule lilikuwa limekufa. Deputi alivua viatu vyake vya kisigino, akambeba yule mtoto mgongoni kwa leso, akatembea naye pekupeku hadi barabara ya lami kutafuta gari. Aliporudi jioni, soksi zake ndefu zilikuwa zimechanika na miguu imejaa vumbi. Tulimpigia makofi. Akasema, "Tusipotezeane wakati. Nendeni mkasome."

Hayo nayataja kwanza kwa makusudi. Nikianza na ya tumbo langu, hutaniamini nikikwambia kwamba tulimpenda.

Kila muhula ulipofunguliwa, kabla hujaruhusiwa kupeleka sanduku bwenini, ulipita kwenye chumba cha metroni, yule mama aliyetunza mabweni. Ulilala juu ya kitanda cha chuma, ukafungua sketi, ukaminywa tumbo. Waliokuwa na mimba walijulikana hapo. Metroni ndiye aliyeminya, lakini akiwa na shaka alimwita Deputi, na mkono wa Deputi ndio uliotoa hukumu. Nje tulisimama foleni na wazazi wetu. Aliyechelewa kutoka tulimtazama. Aliyetoka akilia hatukumtazama tena.

Metroni ndiye aliyetueleza siku moja kwa nini Deputi alilishikilia jambo hilo hivyo. Alipokuwa mwalimu kijana, katika shule nyingine, msichana mmoja alificha mimba chini ya sweta mpaka mwisho. Alijifungua peke yake chooni, na kufikia wakati mtu aliposikia, alikuwa ameshapoteza damu nyingi mno. Deputi ndiye aliyekuwa zamuni siku hiyo. "Tangu hapo," metroni alisema, "haamini mdomo wa msichana. Anaamini mkono wake tu."

Mimi nilikuwa kidato cha tatu wakati mkono huo uliponiminya. Sketi ilikuwa imeanza kunibana kiunoni tangu likizo, na mama alidhani ninanenepa kwa sababu ya mahindi mabichi ya kwetu Naitiri. Metroni alibonyeza chini ya kitovu, akasita. Akabonyeza tena. Akaenda mlangoni.

Deputi aliingia akijifuta vidole kwa kitambaa. Mkono wake ulikuwa baridi. Aliminya taratibu, macho yake yakiwa ukutani, kama mtu anayesikiliza kitu mbali.

"Mara ya mwisho kwenda mwezini ilikuwa lini?"

Nikamwambia. Haikuwa mbali.

"Ni nani?" aliuliza.

"Hakuna mtu, Mwalimu. Mimi sina mimba."

"Wote husema hivyo."

"Mwalimu, mimi sijawahi hata—"

"Funga sketi," alisema. "Tusipotezeane wakati."

Mama alikuwa nje, ameketi juu ya sanduku langu. Deputi hakumwita pembeni. Alimwambia pale pale, mbele ya foleni, kwa sauti yake ya paredi ya asubuhi, kwamba shule haiwezi kunipokea katika hali hii na anirudishe nikishajifungua. Mama alisimama. Kiswahili chake hakikuwa kingi, na hicho kidogo kilimkimbia.

"Mwarimu, mtoto wangu hana mimba. Huyu tunalala naye nyumba moja, bana. Ningeona."

"Mama, usinifundishe kazi. Mpeleke nyumbani."

Nilibeba sanduku mwenyewe. Kati ya wote waliokuwa kwenye ile foleni, mmoja tu ndiye aliyeniaga, na aliniaga kwa kidole, mkono ukiwa chini ya sweta.

Mama alinipitisha kwenye zahanati kabla hatujafika nyumbani. Mkojo ulipimwa, hakukuwa na mimba. Akarudi Bungoma kesho yake na jibu hilo, na akarudi kutoka Bungoma na jibu la Deputi: mkojo unaweza kuwa wa mtu yeyote.

Ningependa kusema kwamba nyumbani waliniamini. Waliniamini kwa wiki kadhaa. Lakini tumbo liliendelea kukua. Likawa la mviringo na gumu, likatangulia mbele yangu niendapo kuchota maji. Nikisimama kanisani kuimba, wale wa benchi la nyuma waliacha kuimba. Baba alianza kula akiwa amenipa mgongo. Halafu mama naye, alasiri moja tukipukuchua mahindi, akasema bila kuniangalia, "Niambie tu jina lake. Sitampigia kelele. Nataka tu kujua."

Nilikaribia kumpa jina. Nasema kweli. Kulikuwa na mvulana wa posho mill, pale tulipopeleka mahindi kusagwa, ambaye aliwahi kunibebea gunia, na jina lake lilifika hadi kwenye meno. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata mimi nilianza kujiuliza kama mimba inaweza kumwingia mtu bila yeye kujua, labda akiwa amelala, labda kwa kukalia mahali. Tulikuwa tumesoma uzazi wa mmea wa maharagwe mpaka ukatoka masikioni. Juu ya miili yetu wenyewe tulijua kwamba ni ya kufunikwa.

Miezi ilipita; mwenye mimba angekuwa ameshajifungua, na mimi sikujifungua. Majirani wakahesabu upya, wakasema labda tulikosea mwezi. Kisha, mchana mmoja shambani, kitu kilijinyonga ndani yangu upande wa kulia. Nilianguka kati ya mistari ya mahindi nikitapika. Mama alipiga kelele, na hata katika maumivu yale nilisikia mwanamke mmoja akisema, "Sasa ndiyo yenyewe, itisheni mkunga." Baba ndiye aliyekataa. Aliomba pikapu ya jirani, wakanilaza kwenye magunia nyuma, tukaenda Kitale.

Daktari wa hospitali ile alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, aliyevaa ndara za plastiki. Alinipaka mafuta baridi tumboni, akapitisha kile chombo cha kupiga picha, akaigeuza skrini ili mama aone. Palikuwa na duara kubwa jeusi, na ndani yake hakuna kitu.

"Mtoto yuko wapi?" mama aliuliza.

"Hakuna mtoto hapa. Haya ni maji." Akamwonyesha ukingo wa duara kwa kidole. "Hii inaitwa sisti. Ni kifuko kimeota kwenye ovari, pale mayai yanapokaa. Kila mwezi ovari hutengeneza kifuko kidogo, yai likishatoka kinanywea na kuisha. Vingine vinakataa kunywea, vinakaa kidogo halafu vinapotea vyenyewe, mwanamke hata hajui. Lakini kuna aina nyingine ambayo haipotei. Inajaza maji tu, inajaza, mpaka inakuwa hivi. Na sasa hiki kimejizungusha na kukaza mshipa wa damu, ndiyo maana analia."

"Ameipata kwa wanaume?"

"Hapana, mama. Haitokani na wanaume, na haitokani na kitu chochote alichofanya. Hata mtoto mdogo anaweza kuwa nayo, hata mtawa."

"Atazaa?"

"Hiyo ya kulia huenda imeharibika, tutaitoa. Lakini ya kushoto ni nzima. Moja inatosha."

Mama alikaa chini sakafuni. Alishika mguu wangu uliokuwa ukining'inia kitandani, akaweka uso wake kwenye wayo. Hakuniomba radhi, na sikutaka aniombe. Nilitaka wanipasue.

Niliporudi shuleni, mwaka uliofuata, nikiwa bapa na nina kovu la kutoka kitovuni kwenda chini, Deputi alinipokea mwenyewe. Baba alikuwa ameshakwenda kumweleza yote wakati wa likizo. Alikuwa amesimama, akipanga chaki kwenye boksi.

"Umekosa masomo mengi," aliniambia. "Utarudia kidato cha tatu."

Nikangoja.

"Usibebe ndoo," akasema. "Usifagie. Nitamwambia metroni." Akatoka.

Kwa muhula mzima metroni aliniletea chupa ya maziwa moto kila asubuhi, na nilijua inatoka wapi, kwa sababu kifuniko chake kilikuwa kimefungwa kwa kile kitambaa cha kufutia vidole. Tena, siku ya kufungua, kitanda cha chuma kilikuwa kimeondolewa. Wasichana walipita mlangoni kwa metroni, wakaulizwa hali zao, wakaenda bwenini. Hatukuambiwa kwa nini, lakini hatukuminywa tena.

Lakini wasichana walijua nilifukuzwa kwa tumbo na nimerudi bila tumbo. Kwao hesabu ilikuwa rahisi. Walisema nilitolewa mimba Kitale. Wengine walisema nilizaa, mama akamlea kama wake. Bafuni waliniachia nafasi pana, wapate kuliangalia kovu vizuri, mpaka nikawa naoga kabla ya kengele, peke yangu, maji ya baridi. Mmoja aliniuliza, bila ubaya wowote, "Ati alikuwa msichana ama mvulana?"

Deputi alisikia. Alisikia kila kitu kilichosemwa katika shule ile, hata kilichosemwa chini ya blanketi. Kila Jumatatu alisimama mbele yetu kwenye paredi, akazungumzia kucha na takataka na matokeo ya majaribio. Kila Jumatatu nilisimama mstari wa tatu nikingoja sentensi moja. Mtoto huyu alikuwa mgonjwa, nilikosea. Haingechukua muda. Ilikuwa sarufi nyepesi sana kwa mtu kama yeye. Nilingoja hadi nikamaliza kidato cha nne, na siku ya mwisho alinipa mkono kama alivyowapa wengine, akasema, "Endelea vizuri."

Kilichoniuma ni kwamba aibu haikuondoka na ule uvimbe. Nilijua kwa akili kwamba sikufanya kosa. Mwili wangu haukujua. Nilivaa nguo pana. Nikikaa kwenye gari nilipakata mkoba. Nilipopata mimba ya kweli, ya ndoa, yenye baraka za kanisa na za wazee, niliificha hadi haikufichika, na mama mkwe akadhani simpendi mtoto.

Deputi nilimwona tena mwishoni mwa muongo huo, Kitale, msimu wa kupanda. Mbolea ilikuwa adimu, na nje ya ghala foleni ilizunguka jengo mara mbili. Mume wangu na mimi tulikuwa tumekuja na pikapu kutoka shambani. Mbele yetu alisimama mwanamke mrefu, mwembamba, amevaa gamboti za mpira na koti la mvua la mwanamume. Aligeuka kumwuliza mume wangu kama hapa ndipo mwisho wa laini ya wenye magunia machache, na akaniona.

"Wewe," alisema.

"Shikamoo, Mwalimu."

Hakuitikia. Aliniambia amestaafu, analima karibu na Moi's Bridge, mahindi na maharagwe kidogo. Nilimtambulisha mume wangu. Aliushika mkono wake akawa hauachii.

"Huyu nilimfundisha," alimwambia. "Nilimfukuza shule kwa mimba ambayo hakuwa nayo."

Hakuwa amepunguza sauti. Wanaume wawili mbele yetu waligeuka. Mimi nilihisi uso ukiwaka moto, kwa sababu mume wangu alilijua kovu langu kama la upasuaji wa kidole tumbo. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimemwambia tulipooana, na yeye, mtu asiye na maswali mengi, alikuwa ameridhika.

"Mwalimu, yamekwisha," nilisema haraka.

"Hayajaisha. Usinisaidie."

"Ilikuwa nini, basi?" mume wangu aliuliza. Alimwuliza yeye, si mimi.

"Sisti. Kifuko cha maji kwenye ovari. Kilikuwa kikubwa, kikajisokota. Hakikutokana na mwanamume, wala uchafu, wala tabia yoyote." Alivuta pumzi. "Baba yake aliponieleza sikumwamini. Nilipanda gari nikaja hapa Kitale, nikamtafuta daktari aliyempasua. Hakutaka kuniambia habari za mgonjwa wake. Nikamwambia, basi nifundishe tu, mimi ni mwalimu. Akanichorea. Akaniambia wanawake wengi wanazo na hawajui. Nikaelewa siku ile ile, kila kitu."

"Ulikuja hapa?" nilisema. "Mwaka gani? Kabla sijarudi shule?"

"Kabla hujarudi."

Laini ilisogea. Hatukusogea.

"Kwa hiyo ulijua," nilisema. "Miaka yote miwili ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Na walikuwa wanasema nimetoa mtoto."

"Niliwasikia. Kila Jumapili niliiandaa ile hotuba. Kila Jumatatu nilipanda pale mbele nikawaza, wakijua nilikosea kwa huyu, watauliza nilikosea kwa wangapi." Aliikunja kola ya koti. "Na mimi nilikuwa najiuliza hilo hilo. Wale wengine niliowafukuza. Siwajui wako wapi."

Mwanamume mmoja nyuma yetu alisema, "Akina mama, si msonge mbele? Watu wana haraka." Hakuna aliyekuwa akitusikiliza tena. Wale wawili walikuwa wameshageukia mbolea yao. Sentensi niliyoingoja kwenye paredi ilikuwa imesemwa mbele ya watu waliotaka tu laini isogee, na nilisimama pale nikitamani arudi nyuma, aisemee kule, kwa wale wasichana, nikiwa na umri ule. Nilimwonea huruma na nilikuwa na hasira, na zote mbili zilinitia haya.

"Basi, Mwalimu," nilisema.

"Usiniambie basi. Sema ulichotaka kusema."

Nilikuwa na mengi, na nilikuwa nimeyasema mara nyingi, bafuni, jikoni, kwenye mto. Lililotoka lilikuwa dogo na la kitoto.

"Nilikwambia, Mwalimu. Nilikwambia sina mimba."

"Ndiyo," alisema. "Uliniambia."

Zamu yake ilifika, akapewa magunia yake, kijana wa mkokoteni akayapakia. Alifunga vifungo vya koti, akatuinamishia kichwa, akaufuata mkokoteni kwenye matope bila kugeuka.

Tulipakia yetu, tukaondoka. Mume wangu aliendesha, na mimi nilitazama mashamba yaliyolimwa, nikipanga maneno ya kumweleza kwa nini nilimdanganya. Tulikuwa karibu na njia ya kuingia kwetu aliponena.

"Hilo kovu," alisema, macho yake barabarani. "Huwa linauma?"

Tangu nioane naye nilikuwa nimejibu hapana kwa kila swali linalohusu mwili wangu.

"Linauma," nikamwambia. "Siku za baridi."

Akafunga dirisha la upande wangu.